Tumbo la Mina

Katika mtaa wao wa Bagamoyo hapakuwa na nyumba iliyolisha watu kama nyumba ya Bi Shaikha binti Hamoudi. Mgeni akipiga hodi kwake, hata awe amekuja kuuliza njia tu, hakutoka bila vidole kunata halwa. Bi Shaikha alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa pembe, mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya chini na macho yasiyotulia, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutaka kujua. Alitaka kujua kwa nini mkate wa leo umeumuka na wa jana ulilala, ilhali unga ni ule ule. Alitaka kujua kwa nini mtu akilia pua nayo hutoa maji. Marehemu mumewe alikuwa akimwambia kwamba Mungu alimnyima ndevu kwa sababu angekuwa kadhi, na kesi zake zisingekwisha.

Mwaka mmoja kabla ya Wadachi, yaani Wajerumani, kupandisha bendera yao Bagamoyo, mtoto wake wa pekee, Mahfoudh, alioa. Mahfoudh alizoea kwenda Miono kununua gundi ya sandarusi na ufuta, na huko ndiko alikomwona Mina binti Mwinyijuma, mtoto wa wakulima, watu wa sala na jembe. Jamaa waling'aka. Aliyeng'aka kuliko wote ni Bi Salme, mdogo wake Bi Shaikha, aliyeuliza mbele za watu kama mabinti wa Kiarabu wamekwisha pwani nzima. Lakini Bi Shaikha alimpenda mkwewe siku ya kwanza. Mina alipofikishwa ukumbini, amejifunika mpaka puani, badala ya kulia kama mabibi harusi wengine alinusa hewa na kuuliza polepole, "Mama, hiki kinachonukia hivi ni kitu gani?"

Ilikuwa iliki. Bi Shaikha alicheka kwa furaha. Amepata mwenziwe.

Baada ya mwezi mmoja Mahfoudh ilimbidi aondoke. Alikuwa anakwenda Saadani, na kutoka huko apande mpaka Uzigua kutafuta utomvu wa mpira, safari ya miezi minne au mitano. Asubuhi ya kuondoka alimshika mama yake mkono.

"Mama, nakuachia amana yangu."

"Nenda salama, mwanangu. Ukirudi hutamtambua. Nitamnenepesha mpaka mlango wa chumba tuupanue."

Na alikusudia kweli. Uani kwake alikuwa na ng'ombe jike mweupe, aliyeletwa kwa chombo kutoka Unguja, na maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa fahari ya nyumba. Kwa Bi Shaikha, maziwa yalikuwa afya yenyewe. Asubuhi Mina alipewa bakuli la maziwa ya moto yenye iliki na sukari. Alasiri alipewa tambi zilizopikwa kwa maziwa. Baada ya sala ya isha, tende na maziwa tena. Bi Shaikha alimpa kwa mkono wake mwenyewe na kukaa mbele yake akimtazama mpaka alambe ukingo wa bakuli.

Wiki ya tatu, Mina alianza kupungua.

Mwanzoni Bi Shaikha hakuamini macho yake. Aliona mikono ya msichana imekuwa myembamba na macho yameingia ndani. Aliona jinsi anavyokatisha mazungumzo ghafla, jasho likimtoka juu ya mdomo, akanyanyuka na kwenda chooni kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Akirudi alikuwa na rangi ya majivu, naye akiulizwa hujibu, "Sijambo, Mama. Ni uchovu tu."

Tabibu aliitwa, mzee mwenye vitabu. Alishika kifundo cha mkono wa Mina, akafumba macho, kisha akasema tumbo la binti huyu limeingiwa na baridi. Dawa yake ni maziwa ya moto yenye tangawizi, mara tatu kwa siku. Bi Shaikha akayafanya mara nne. Mina akazidi kukonda.

Hapo ndipo Bi Salme alipokuja na habari yake. Alikuja adhuhuri, buibui bado begani, akamvuta dada yake pembeni ya ukumbi.

"Dada, ndani ya nyumba yako mna mchawi, nawe umekaa unakoroga maziwa."

"Mchawi nani?"

"Tabia."

Tabia alikuwa mpishi. Alikuwa mzalia, yaani mjakazi aliyezaliwa utumwani humo humo nyumbani, na kwa umri alikaribiana na Bi Shaikha. Walikuwa wamecheza pamoja kabla ya kila mmoja kuambiwa yeye ni nani. Mikono yake ndiyo iliyokuwa siri ya sifa zote za nyumba ile.

"Nimepita jikoni sasa hivi," Bi Salme alisema. "Nimewakuta. Tabia anampa mkweo kitu katika kibakuli, mlango umeegeshwa, na mkweo anakula haraka haraka kama mwizi. Waliponiona, Tabia akakificha kibakuli nyuma yake. Sasa kama ni chakula cha halali, cha kuficha ni nini?"

Bi Shaikha alikwenda jikoni. Kibakuli kilikuwapo, kimekwisha kuoshwa. Alimwuliza Tabia kilikuwa na nini.

"Chakula tu, Bibi."

"Chakula gani? Chakula changu hakimtoshi?"

Tabia alitazama majivu ya mekoni na hakusema neno jingine. Mina, aliyekuwa amekimbilia chumbani kwake, aliposikia kelele alikuja mlangoni akishikilia ukuta na kusema, "Mama, Tabia hakunifanyia kitu," lakini Bi Salme alidakia papo hapo kwamba ndivyo wasemavyo wote waliofungwa ulimi.

Bi Shaikha alikuwa na hofu ya amana aliyoachiwa, na hofu ilimnyima subira yake ya kila siku ya kuuliza na kuuliza tena. Kesho yake Tabia alipelekwa Makurunge, kwenye shamba la muhogo la nyumba ile, akalime pamoja na wengine. Jikoni akaingia msichana anayeitwa Dija.

Zikapita siku kumi. Dija alipika, na Bi Shaikha mwenyewe alisimama juu ya kila chungu. Mina hakupona. Alizidi. Ilimjia Bi Shaikha alipokuwa akichambua mchele: kama ni mkono wa Tabia uliokuwa ukimdhuru, mkono ule sasa uko Makurunge, na huo si mkono mrefu kiasi hicho. Wazo lile lilimkaa kama punje ya mchanga kwenye jino. Alilihamisha huku na huku siku nzima, lisimtoke.

Ramadhani iliingia mvua za masika zikikatika. Bi Shaikha alimwambia Mina asifunge, kwani mgonjwa ameruhusiwa, lakini Mina aliomba afunge walau siku ya kwanza ajaribu. Akafunga. Na siku ile Bi Shaikha aliona jambo lililomfanya aache kushona na kuweka sindano chini.

Mina alikuwa akiimba. Alikuwa uani anatwanga, kinywa kimekauka kwa saumu, na anaimba wimbo wa kwao kwa sauti nyepesi. Hakwenda chooni mbio hata mara moja tangu alfajiri. Hakuwa na jasho mdomoni. Jua likazama, adhana ikalia, wakafuturu kwa tende na maziwa, kisha mkate wa ngano na mchuzi. Kabla ya sala ya isha Mina alikuwa amejikunja, ameuma kanga.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Wakati wa daku Mina alikuwa hali kitu, akisema usingizi umemzidi, na hunywa maji tu. Mchana mzima, mzima wa afya. Jioni akishafuturu, mgonjwa. Bi Shaikha alianza kuweka kokwa ya tende dirishani kila jioni Mina alipougua. Siku ya saba kulikuwa na kokwa saba.

Bi Salme alipokuja kuwajulia hali alitikisa kichwa. "Nimekwambia tangu zamani. Uchawi wa Tabia umemletea pepo. Tumtafute fundi apigiwe ngoma apungwe."

"Salme, mdogo wangu," Bi Shaikha alisema, "mwezi huu si tunaambiwa mashetani wamefungwa minyororo?"

"Ndiyo."

"Basi huyu anayemsumbua mkwe wangu ametokea wapi? Na mbona anakuja adhana ya magharibi ikishalia? Anangoja afuturu naye?"

"Pepo si shetani," Bi Salme alijibu, akatengeneza buibui lake. "Pepo ni pepo."

Jioni ile, kabla ya kufuturu, Bi Shaikha alimwita Mina chumbani kwake. Akakaa naye juu ya mkeka, magoti kwa magoti.

"Mwanangu, nataka kukuuliza kitu, na leo usinijibu kwa adabu. Nijibu kama unavyomjibu mama yako Miono. Hilo tumbo likianza, huanzaje?"

Mina alimtazama kwa mshangao. Tabibu alimshika mkono, Bi Salme alimwangalia machoni, wengine walimsomea. Kumwuliza, hakuna aliyemwuliza.

"Kwanza nasikia kama maji yanachemka kwenye chungu kilichofunikwa," alisema polepole. "Halafu linavimba hapa, chini ya kitovu. Halafu linakata."

"Na kabla ya hapo? Chakula kikiwekwa mbele yako, hujakitia mdomoni, hakuna kinachokwambia usile?"

Mina aliinamisha kichwa. Alichezea ukindu uliochomoka kwenye mkeka.

"Kipo, Mama."

"Kipi?"

"Nisamehe, Mama."

"Nimekwisha kukusamehe. Sema."

"Maziwa. Nikiyanusa tu koo linafunga. Mara nyingine hata mkate wa ngano, lakini sijui, kwa sababu navila pamoja. Kwetu Miono hakuna ng'ombe, mbung'o huwaua. Tangu niache ziwa la mama sijapata kuonja maziwa mpaka nilipokuja hapa."

Bi Shaikha akauliza, "Na miezi yote hii ukayanywa?"

"Ulinipa kwa mkono wako," Mina alijibu. "Ningeyakataa vipi?"

Machozi yakaanza kumtoka msichana, na pamoja na machozi yakatoka mengine aliyoyaweka. Kile kibakuli cha jikoni kilikuwa na ugali wa mtama na kunde. Yeye ndiye aliyemwomba Tabia ampikie, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukikililia chakula kile hata usingizini, na akila tumbo hutulia. Yeye ndiye aliyemlisha kiapo asiseme, asije mama mkwe akadhani mke wa mwanawe ameidharau meza yake.

"Tabia akanyamaza kwa ajili yangu. Nami nikasema mara moja, nikaogopa kusema mara ya pili."

Bi Shaikha alijua saa ile ile kwamba amekosa. Lakini kujua ni jambo moja, na kupanda punda kwenda kumwambia mjakazi "nimekosa" ni jambo jingine. Akajificha nyuma ya udadisi wake. Alijiambia kwamba koo huweza kudanganya. Koo la mtoto hufungia hata dawa. Kwanza apate hakika.

"Tutalichunguza hili tumbo lako," alimwambia Mina, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi na wewe. Tutaliondolea kitu kimoja kimoja, tulisikilize litasema nini. Unakubali?"

Mina akatabasamu kwa mara ya kwanza siku nyingi. "Nakubali. Mimi pia nataka kujua."

Walianza na mkate. Jioni nne Mina alikula futari bila ngano, lakini kwa ridhaa yake aliendelea kunywa maziwa, nusu bakuli tu. Kokwa nne zikaongezeka dirishani. Jioni ya tano mkate ukarudi na maziwa yakaondoka. Badala yake alifuturu kwa tende na maji ya dafu. Isha ikaswaliwa. Bi Shaikha alisali huku sikio moja liko kwa Mina, Mungu amsamehe. Hakusikia kitu. Mina alikaa naye mpaka walipochoka, wakizungumza habari za Miono, jinsi nguruwe wanavyoharibu mihogo. Jioni ya sita kimya, na ya saba pia. Kokwa hazikuongezeka. Jioni ya kumi Mina aliomba aongezewe wali.

"Bahati tu," alisema Bi Salme aliposimuliwa. "Pepo amepumzika."

Neno lile lilimwudhi Bi Shaikha, lakini pia lilimchokonoa. Je, ikiwa ni bahati kweli? Mina mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. Alisema atakunywa bakuli zima la maziwa, jioni moja tu, yeye akijua anakunywa nini na kwa nini. Akalinywa mbele ya Bi Salme, akijiziba pua. Haukupita muda mrefu. Bi Salme aliyekuwa akila sambusa aliisikia ngurumo ya tumbo lile kutoka upande wa pili wa ukumbi, akaishusha sambusa. Mina alinyanyuka na kukimbia chooni, safari hii bila kujizuia, na aliporudi, pamoja na maumivu yake, alikuwa anacheka.

"Umesikia, Mama? Limesema!"

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Walikuwa kama watoto waliogundua njia mpya ya kwenda kisimani. Wakajaribu samli, ambayo nayo hutoka katika maziwa. Tumbo likaipokea bila neno. Bi Shaikha alistaajabu sana, akaikoroga samli kwa kijiko na kuinusa kama atakuta jibu ndani yake. Wakajaribu maziwa mgando, vijiko vitatu; tumbo likanguruma kidogo, likanyamaza. Vijiko sita; likakasirika. Mina akajifunza kutosubiri mpaka limkate. Akiwa mbele ya sahani alifumba macho kidogo, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akangoja. Mara nyingine alisema, "Hiki ndiyo." Mara nyingine alisema, "Hiki leo hapana, labda kesho." Na Bi Shaikha, aliyezoea kuhesabu sahani tupu kuwa ndiyo heshima yake, alijifunza kuchukua sahani iliyobaki chakula bila uso kumwiva.

Jioni moja akataka kuonja chakula cha Mina. Kama ugali wa mtama na kunde umemponya mgonjwa, alifikiri, basi mzima utamfanya awe simba. Alikula matonge makubwa kwa mchuzi wa kunde uliotiwa nazi na pilipili. Kilikuwa kitamu mno. Alipoanza kuswali isha tumbo lake lilikuwa limejaa hewa kama ngoma mpya, na kila alipoinuka kwenye sijda alilazimika kusimama na kutawadha upya. Mara ya tatu Mina hakuweza kujizuia. Alianguka juu ya mkeka akicheka, naye Bi Shaikha, mkono tumboni, akacheka mpaka akaishiwa pumzi.

"Basi chakula chema ni kipi?" aliuliza alipopata sauti. Hakuwa akimwuliza Mina. "Miaka hamsini nimelisha watu nikidhani najua."

Zilikuwa zimebaki siku nne kufikia Idd. Asubuhi yake, bila kumuaga mtu zaidi ya Mina, alitandikiwa punda na kwenda Makurunge.

Alimkuta Tabia katikati ya muhogo, kiuno kimefungwa kitambaa, jembe mkononi. Viganja vyake vilivyozoea mwiko vilikuwa vimetoka malengelenge. Aliinua uso, akaweka jembe chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bi Shaikha alijibu, na maneno yote aliyoyapanga juu ya punda yakampotea. Akashuka kwa taabu, viatu vyake vikazama kwenye udongo mbichi. "Tabia, ni maziwa. Yalikuwa maziwa yangu."

"Najua, Bibi."

"Ulijua?"

"Nilimwona anavyoyanywa. Mtu hanywi hivyo kitu kinachompenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

Tabia alimtazama. "Ungenisikia?"

Upepo ulipita kwenye majani ya muhogo. Bi Shaikha alifikiri swali lile kwa haki, kama alivyolifikiri kila swali, na jibu alilolikuta hakulipenda.

"Nisingekusikia," alisema. "Nimekukosea, Tabia. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba urudi."

Tabia alifuta udongo kwenye vidole, kimoja kimoja.

Bi Shaikha, kwa kutojua aseme nini tena, alirudia swali lililokuwa mdomoni mwake mwezi mzima. "Siku hizi namwuliza Mina kila siku mwili wake unataka nini. Wewe nimeishi nawe umri wangu wote na sijakuuliza. Wa kwako unataka nini?"

"Mimi?" Tabia alicheka kidogo, kicheko kisicho na uchungu wala utamu. "Mimi nataka kula chakula kikiwa cha moto. Napika tangu sijaota meno ya pili, na sijapata kula wali wangu ukiwa na mvuke. Nakula mkishakula, mabaki, yamekwisha poa. Tumbo langu halikatai kitu, Bibi. Lakini ukiliuliza, hilo ndilo litakalokwambia."

"Utakula cha moto. Utakula wa kwanza ukitaka. Na kingine?"

"Kingine kipo," Tabia alisema, akaokota jembe na kulitia begani tayari kwa safari. "Nitakwambia nikishashiba."

Alimwambia siku ya Idd Mosi. Alikuwa amekula wali wa kwanza kuchotwa, ukifuka moshi, ameketi juu ya kibao mbele ya meko, na Mina amemshikia sahani ya mchuzi. Alipomaliza alinawa, akasema anataka hati ya uhuru wake, iandikwe mbele ya kadhi, na mashahidi wawili. Bi Salme aliposikia alishika kichwa. Bi Shaikha alikaa siku tatu hajasema kitu. Hakuwa mwanamke wa makuu. Alihesabu atakachopoteza, akaogopa jikoni patupu, akaogopa maneno ya watu, na akaona aibu ya kuogopa. Siku ya nne alikwenda kwa kadhi.

Tabia alibaki jikoni kwa ujira mpaka mwisho wa mwaka. Kisha alipanga kibanda karibu na mahali walipofikia wapagazi waliotoka bara, akawa anauza ugali wa mtama, kunde, na samaki wa kukaanga. Watu wale walifika wamechoka, matumbo yamevurugwa na maji ya mito ishirini, na wengi wao walitaka kula kila kilichokuwapo. Inasemekana Tabia alikuwa hawapi. Alimwangalia mtu, akamwuliza maswali mawili matatu, ndipo akachota. Baadhi yao walimwona mkorofi, lakini waliporudi safari iliyofuata walimtafuta.

Mahfoudh alirejea mwezi wa Mfunguo Pili, wiki chache tu baada ya Idd ile, ndevu ndefu, mpira wake umebebwa na watu kumi na wawili. Njiani Saadani alikuwa amesikia uvumi kwamba mkewe yu mgonjwa wa kufa, naye alikuja mbio, moyo mkononi. Alimkuta Mina mlangoni, mashavu yamejaa, anauliza kabla hata ya salamu kukamilika ni harufu gani hiyo aliyokuja nayo nguoni. Ilikuwa moshi wa miti ya Uzigua. Aliitaja kwa jina lake la huko, naye Mina akamwomba alitaje tena, polepole, huku Bi Shaikha akiinama nyuma yake kunusa.